Kulipia Kuuona Mlango Wangu

Jumamosi, 12 Julai

Chai, mhogo wa kuchemsha, simu. Picha kumi na moja za uani kwangu, zote zina ukungu, na katikati ya kila moja kufuli dogo. Chini wameandika: mtu ameonekana mlango wa nyuma. Mtu gani? Lipia kifurushi ujue.

Upuuzi wa daraja la kwanza. Kamera ni yangu. Ukuta ni wangu. Umeme nalipa mimi, bando nanunua mimi. Sauda, binti yetu aliyeko Dar, aliileta wakati wa Idd, akapanda juu ya stuli akaifunga mwenyewe ukutani, inatazama mlango wa nyuma na mlango wa stoo. Miezi ya mwanzo kila kitu kilikuwa bure. Nikazoea. Sasa wanakaba koo.

Kutazama uani kwa wakati huu huu bado ni bure. Yaani kile ninachoweza kukiona kwa kugeuza shingo, hicho wamenisamehe. Lakini jana inauzwa. Bei yenyewe si kubwa, hainishindi, ni kama kilo ya dagaa wazuri pale Kibirizi. Ninachokataa ni dharau. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini miaka thelathini na nne, nimelinda magunia ya watu wa nchi tatu, sijamtoza mtu hata siku moja kwa kulitazama gunia lake.

Silipi.

Jumapili, 13 Julai

Shemeji Haruna amekuja saa ya chakula. Saa hiyo hajawahi kuikosea. Ni mdogo wake Mama Sauda, mke wangu. Ana miaka hamsini na mbili na bado anasubiri mchongo. Ameichukua simu yangu bila ruhusa, ameitazama, amesema: "Mzee, kuna mwanangu yuko Mwanga, hizo kufuli anazifungua fasta tu." Huyo anayemwita mwanangu ni rafiki yake wa mtaani, ndiye aliyemuuzia redio isiyo na kitu ndani.

Amekula samaki wawili, migebuka. Ameondoka.

Jumatatu, 14 Julai

Mzee Kibwana amefariki alfajiri. Nyumba ya tatu kutoka hapa. Mtu mpole, hakuwa na kelele. Mungu amrehemu.

Mama Sauda ametoka mapema kwenda kukaa na wafiwa. Amekwenda na Konsolata, mwanamke anayetusaidia kazi za nyumbani, maana kwenye sufuria kubwa za msiba hakuna anayemfikia. Kabla ya kutoka amepanga vyombo vya kuazimisha mlangoni mwa stoo. Sufuria mbili, mikeka minne, chupa tatu za chai. Kila kimoja kina tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako. Hiyo ndiyo alama ya nyumba yetu. Mtaa huu kila nyumba ina yake, wengine herufi, wengine uzi kwenye mkono wa sufuria. Bila alama chombo kikienda msibani hakijui njia ya kurudi. Akaniambia: wakija, wape hivi vya mlangoni.

Nimebaki na simu. Nimewapigia watu wa kamera, kitengo chao cha huduma kwa wateja. Dakika arobaini za muziki. Muziki ule ule. Kina mama wa msibani wameingia na kutoka, wamebeba walivyobeba, nimewaitikia kwa mkono tu kwa sababu niliogopa kukata simu nikapoteza foleni. Hatimaye binti mmoja akapokea. Akaniita mpendwa mteja mara tisa. Kwa mujibu wa sera yetu, mpendwa mteja. Nikamwambia sera yenu ni ya watu wanaosimama njiani na panga. Akaniuliza kama kuna jambo lingine ambalo ningependa anisaidie.

Mazishi baada ya Alasiri. Vumbi la kiangazi, watu wengi. Goti limeniuma.

Alhamisi, 17 Julai

Matanga yameanuliwa. Vyombo vimerudi. Mama Sauda amepindua kimoja kimoja, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Vimetimia. Amefurahi kama aliyeshinda kesi.

Picha nyingine sita zenye kufuli. Sizifungui hata kuzitazama.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikuwa natawadha kwa ajili ya Ijumaa nikasikia ukelele stoo. Nilidhani nyoka.

Dhahabu ya mke wangu haipo. Bangili mbili na hereni, alizoachiwa na marehemu mama yake. Ndicho kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho. Aliziona kwa macho yake Jumapili iliyopita. Nimemuuliza zilikuwa wapi hasa. Amesema stoo. Stoo wapi? Amesema stoo, inatosha.

Najua kwa nini. Zamani, mshahara ulipochelewa miezi kadhaa, niliuza mkufu wake mmoja bila kumwambia. Nilikusudia kuununua tena. Sikuununua. Tangu hapo dhahabu yake inalala asikokujua mwanamume, na sina mdomo wa kulalamika.

Yeye mdomo anao. Amesema anayeingia stoo kufagia ni mmoja tu. Amesema Jumanne na Jumatano yeye alishinda msibani na mimi nilishinda barazani kwa wafiwa, na Konsolata alikuwa peke yake humu ndani.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya.

Konsolata amekuja saa moja kama kawaida, kwa miguu kutoka Gungu. Yuko kwetu mwaka wa kumi na moja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Mama Sauda alimwacha afue kwanza. Hilo limenichukiza kuliko yote. Alimwacha afue mashuka mawili na kanzu zangu, ndipo akamuuliza.

Konsolata hakupandisha sauti. Amefungua fundo la kanga yake, amemwaga kikapu chini, kitana, kitambaa, nusu ya sabuni, kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Amesema, "Imana irabizi, Mama. Mungu anajua." Kisha amerudi kwenye kamba, ameanika kanzu zilizobaki, amebana vibanio, amekwenda zake.

Haruna alikuwepo, bila shaka. Kwenye chakula na kwenye aibu ya watu hakosekani. "Nilisema mimi. Warundi hawa." Hajawahi kusema. Na mwanamke huyo ana kitambulisho cha taifa kama changu. Haruna chake amekipoteza mara mbili.

Nimesema wazi mbele yao wote kwamba Konsolata hakuiba. Mama Sauda akanitazama. Akasema, "Haya. Fungua kamera yako basi."

Nikasema siwezi kumlipa mwizi ili nimkamate mwizi. Wakati naisema ilisikika vizuri.

Jumapili, 20 Julai

Mama Sauda haongei. Ameunguza wali. Nimefagia uani mwenyewe, nusu tu, kwa sababu ya goti.

Nimezitazama zile picha zenye ukungu kwa miwani ya kusomea. Doa la buluu linaingia stoo. Doa la kijani linatoka. Laiti wangefuta kabisa ningewaheshimu. Wanakuonyesha kwamba kitu kipo, halafu wanakaa juu yake.

Jumatatu, 21 Julai

Habari imefika Bangwe. Kuna nyumba ya wageni kule ambako Konsolata hufua mashuka mchana akitoka kwetu. Wamemwambia apumzike kwanza. Haruna ndiye aliyeleta taarifa, na alivyoileta ungedhani ni ya harusi. Nimemuuliza nani amewaambia. Ameangalia juu.

Mtu huyu hajawahi kumaliza kazi yoyote aliyoanza. Hii ameimaliza kwa siku mbili.

Jumanne, 22 Julai

Kichwa kinauma. Siandiki zaidi.

Jumatano, 23 Julai

Wamenitumia ujumbe, watu wa kamera. Kumbukumbu zako za tarehe 14 zitafutwa baada ya siku tano. Usipoteze nyakati zako za thamani. Na chini yake picha ya familia ya kizungu inacheka kwenye kochi.

Nyakati za thamani! Kuku wangu wakinya ngazini.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo wanaanza kufuta, siku moja baada ya nyingine, kuanzia ya msiba. Nimepeleka simu kwa fundi pale Gungu, si yule wa Haruna, mwingine. Ameiangalia, amecheka. Amesema, "Mzee, hii video haimo humu ndani ya simu. Iko kwao huko." Huko wapi? Hajui. Hakuna anayejua. Mlango wangu wa nyuma uko mahali fulani duniani na mimi sijui ni nchi gani.

Nikarudi kwa bodaboda nikiwa na hasira. Nikajiambia hii ni kanuni. Mtu akishakubali kutozwa kwa kitu chake mara moja, watamtoza mpaka pumzi. Nimejiambia hivyo njia nzima, tangu Gungu mpaka mlangoni kwangu.

Alhamisi, 24 Julai

Kanisani kwao Konsolata ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya. Sikuwa najua. Mke wa jirani ndiye amesimulia dukani. Wazee wa kanisa wamemwomba akae benchi za nyuma mpaka jambo liishe. Wamemwomba kwa upole, amesema, kwa upendo. Nawajua watu wa aina hiyo. Na kwetu wapo. Wanakusukuma shimoni huku wanakushika mkono.

Mwenyekiti wa mtaa atasikiliza shauri Jumanne. Haruna anasema baada ya hapo ni polisi. Mama Sauda amesikia neno polisi, ameacha kuchambua mchele. Nilitegemea atasema kitu.

Naye pengine alinitegemea mimi.

Ijumaa, 25 Julai

Konsolata amekuja. Hakuingia. Amesimama nje ya geti mpaka nikatoka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia ile kamera iliona, ila inataka hela ndiyo iseme. Ni kiasi gani? Nitalipa mimi." Akaanza kufungua fundo la kanga.

Nikamwambia hapana, funga hela yako. Nikamwambia si suala la hela. Nikaanza kumweleza kuhusu kanuni, kuhusu yule binti wa mpendwa mteja, kuhusu namna kampuni hizi zinavyowafanya watu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu mwenye homa.

Nilipomaliza akasema, "Ego, ndiyo, Mzee. Basi mimi nisubiri nini?"

Nilisimama na mkono kwenye komeo la geti. Akasubiri kidogo, kwa adabu, akaniaga, akaondoka.

Nimekosa Ijumaa leo. Nilifika imamu ameshatoa salamu.

Mimi ni mtu mpumbavu. Ninaandika hapa ili nisije nikasema kesho kwamba sikujua.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeamua kulipa. Nimekaa barazani, nimebonyeza, nimefuata maelekezo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hawapokei hela ya simu. Nchi nzima inanunua chumvi, umeme na majeneza kwa hela ya simu, hawa hawapokei. Wanataka kadi ya benki, tena ya namna fulani. Kadi yangu si ya namna hiyo. Nimekwenda benki mjini, nimekuta foleni ya Jumamosi, mlango umefungwa mbele ya pua yangu. Rudi Jumatatu, Mzee. Jumatatu ndiyo wanafuta.

Hapo ndipo nikampigia Sauda. Nimemsimulia yote.

"Da Konsola? Baba, mmemwambia Da Konsola mwizi?" Konsolata ndiye aliyekuwa akimsuka Sauda kwenda shule. "Mna siku nane mnajua, na kadi yangu iko hapa mkononi?"

Amelipa kabla hajakata simu. Nimesikia anabonyeza na anavuta kamasi.

Kufuli zote zimeanguka. Tumekaa sebuleni, mimi, Mama Sauda, na Haruna aliyekuja kushuhudia ushindi wake akiwa na muhogo mdomoni. Tumeanza na Jumanne, siku ambayo Konsolata alikuwa peke yake. Saa nzima ya maisha yake, imekatwa vipande vipande. Anafagia. Anachota maji. Anamfukuza kuku stoo, anaingia na ufagio, anatoka na ufagio na takataka. Anakula amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza ukutani, ilhali viti vyote vya nyumba vilikuwa vitupu. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi. Hakuna kitu. Haruna akasema labda alificha kwenye takataka. Mama Sauda akamwambia anyamaze.

Tukarudi Jumatatu, siku ya msiba, kwa kuwa nimelipiwa na nilitaka kuona kila nilichonyimwa.

Mzee mmoja yuko uani na fulana ya ndani na msuli, simu sikioni, anazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Kina mama wanabeba mikeka. Wanabeba sufuria. Wanabeba zile chupa tatu. Kisha mkwe wa Mzee Kibwana anarudi, anasema neno, ananyoosha kidole kimoja. Moja zaidi. Yule mzee hata hageuki. Anaingia stoo, mlango uko wazi, anapapasa rafu ya juu kwa mkono mmoja, anatoka na chupa kubwa ya chai ya kijani, kuukuu, anampa. Simu bado iko sikioni. Midomo inakwenda. Yote haichukui hata dakika.

Mama Sauda akasema kwa sauti ndogo, "Chupa ya kijani." Akakaa chini, kwenye sakafu, si kwenye kiti.

Ile chupa ilivunjika kioo cha ndani miaka mingi. Alikitoa, akabaki na ganda, akafanya ndiyo kasha lake, maana nani ataiba chupa mbovu? Na kitakoni hakuipaka rangi. Kwa nini aipake? Haikuwa ya kwenda msibani, kwa hiyo ilipokosekana rafuni alidhani mwizi ameibeba na vilivyomo.

Muhogo ulibaki shavuni mwa Haruna.

Tulikwenda kwa wafiwa saa hiyo hiyo. Mjane yuko eda, hatukumwona. Mkwe wake ametuletea beseni la vyombo visivyo na mwenyewe. Vikombe vitatu, upawa, na chupa ya kijani. Akasema tangu siku ile wanaulizana ni ya nani. "Tulitaka kutia chai, tukaitikisa, ikalia vipande. Tukasema imevunjika hii, tukaiweka isije ikamkata mtu koo."

Vipande. Mama Sauda amefungua hapo hapo. Kitambaa kimefunguka, bangili mbili, hereni. Amezishika, hakuzivaa. Hakufurahi hata kidogo.

Jumapili, 27 Julai

Tumekwenda Gungu, mimi na Mama Sauda. Haruna hakupatikana kwenye simu.

Nyumba ya tofali za kuchoma, uwanja umefagiwa kwa mistari. Konsolata ametutolea viti viwili, yeye amekaa mkekani. Mama Sauda alilia kabla ya salamu kuisha. Alimwambia yote, chupa, rangi, ujinga wake mwenyewe, hakujificha popote. Nilimheshimu. Mimi nilipopewa nafasi nikaanza na kadi ya benki. Nikajisikia naeleza kwamba hawapokei hela ya simu. Konsolata aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Nimewasamehe, Mama. Na wewe Mzee. Naomba hiyo video tu."

Nikamwambia hakuna haja, nitaandika barua. Kwa wazee wa kanisa, kwa nyumba ya wageni, kwa mwenyekiti. Nina mwandiko mzuri. Nitagonga na muhuri.

"Barua yako itafika sehemu tatu, Mzee," akasema. "Neno la wizi limefika kote. Nirushie video."

Ile video haimwonyeshi yeye hata kivuli. Inanionyesha mimi, fulana ya ndani, na mdomo unaokwenda. Mama Sauda akanitazama nitafanyaje. Nimeituma. Nimeituma pale pale, na simu ilipolia mkononi mwake akashukuru kwa Kirundi, akaweka simu chini ya kanga.

Jumanne, 29 Julai

Iko kila mahali. Iko grupu la mtaa, la msikiti, la wastaafu wa bandari. Kuna mtu ameiwekea taarab. Kwenye genge la kahawa kijana ambaye simjui ameniambia, "Mzee, tuazime chupa moja." Wote wakacheka, na muuza kahawa akacheka huku ananimiminia. Watu hawa hawakucheka wala hawakununa wiki nzima Konsolata alipoitwa mwizi. Walilibeba neno tu. Hii nayo wanaibeba.

Haruna amenitumia hiyo video. Mimi. Na vikaragosi sita vya kucheka.

Mwenyekiti amefuta shauri. Nilimwona amesikitika, alikuwa ameshapanga viti. Nyumba ya wageni imemrudisha Konsolata. Kanisani sijui. Siulizi, sina uso.

Nimesitisha kifurushi. Programu ikaniuliza sababu, ikanipa tano za kuchagua. Hakuna hata moja iliyonifaa. Nikachagua "nyingine". Wakaniachia nafasi ya kuandika, nikakaa nayo muda mrefu, nikaiacha tupu.

Alhamisi, 31 Julai

Mama Sauda ametuma ujumbe Gungu kumwomba Konsolata arudi, kwa mshahara wa juu zaidi. Jibu limekuja kwa mdomo wa yule yule aliyetumwa. "Mwambieni Mama nashukuru sana. Nimepata sehemu nyingine."

Ametuma na ndizi. Mkungu mzima. Mama Sauda hajui azifanyeje, zinaivia jikoni.

Jumanne, 5 Agosti

Tumepata msaidizi mwingine, amekaa siku mbili, ameondoka. Sasa nachota maji mwenyewe asubuhi, Mama Sauda anafua. Tunaongea kidogo zaidi kuliko wiki iliyopita. Jana amenionyesha anakoficha dhahabu sasa. Sikuomba. Nilimwambia asinionyeshe, akanionyesha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda Gungu sokoni kununua nyanya, za Ujiji zimepanda.

Konsolata alikuwa pale pale kwenye fungu nililosimama, na kitenge cha kanisani, kitabu kwapani. Ameniona kwanza yeye.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Konsolata."

Akauliza Mama hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza Sauda kule Dar, kazi yake mpya inaendaje. Nikasema inakwenda, anakusalimu kila siku. Akauliza goti, kama bado napaka ile dawa. Nikasema napaka. Akamuulizia na jirani, mkwe wa marehemu, kama ameshajifungua. Nikasema bado.

Ikawa zamu yangu. Nikafungua mdomo niulize kwake. Ana watoto, najua ana watoto, wanne au watano. Mmoja aliwahi kulazwa mwaka fulani, akakosa kazi siku mbili, Mama Sauda akanung'unika. Alikuwa na mume. Sijui kama bado anaye. Nilitafuta jina, moja tu, la yeyote, la kutanguliza mbele ya hajambo. Miaka kumi na moja ameingia kwangu saa moja asubuhi. Sikulipata.

Nikasema, "Na nyumbani?"

"Nyumbani wazima, Mzee."

Akalipia nyanya zake, akanisogezea fungu lililobaki, kubwa kuliko lake, akaenda.